Majani ya Uwanjani na Maji ya Wote

Kila mwenye nyumba apenda kuona mbele ya mlango wake mahali pazuri pa kupumzisha macho. Wengine hufagia ua hata udongo ukang'aa kama sahani. Wengine hupanda maua. Wengine tena, hasa mijini, hupanda uwanja wa majani mafupi, ule ambao wengi wetu twauita gazoni. Hapana ubaya katika jambo hilo. Uwanja wa majani huzuia vumbi, hushika udongo usichukuliwe na mvua, na watoto huucheza bila kuumia magoti.

Lakini yaja majira ambapo mawingu yamekwisha, visima vimeshuka, bomba latoa maji kwa saa chache tu, na wakubwa wa mji waamuru watu wapunguze maji. Ndipo mwenye nyumba asimamapo mbele ya uwanja wake, mpira wa maji mkononi, akijiuliza: Nimwagilie, au niache?

Swali hilo laonekana dogo, kama la mtu asiye na kazi. Walakini uko mji mkubwa wa Afrika uliolazimika kulijibu nyumba kwa nyumba, na kama usingalilijibu vema, mabomba yake yangalifungwa. Mji huo ni Cape Town, katika Afrika ya Kusini, na mwaka ni 2018. Habari zake zatufaa sana sisi tukaao katika nchi yenye mto mkubwa kama Kongo, maana twadhani kwamba maji hayawezi kutuishia.

*Uwanja wa majani ulitoka wapi?*

Yafaa kwanza tujue asili ya desturi hii. Majani ya kukatwa sawasawa mbele ya nyumba si desturi ya nchi kavu. Yalisitawi katika nchi za Ulaya ya kaskazini, hasa Uingereza, ambako mvua ndogondogo hunyesha mwaka mzima, na jua si kali. Hapo zamani matajiri peke yao waliweza kuwa na uwanja kama huo, kwa sababu ulihitaji watu wengi wenye miundu mirefu, au makundi ya kondoo ya kuyala majani yabaki mafupi. Mwaka 1830 fundi mmoja Mwingereza, jina lake Edwin Budding, wa mji wa Stroud, alitengeneza mashine ya kwanza ya kukatia majani. Wazo lake alilipata katika viwanda vya nguo, ambako mashine zenye visu vya kuzunguka zilinyoa manyoya ya vitambaa vya sufu. Tangu hapo hata mtu wa kawaida aliweza kuwa na uwanja wake.

Wazungu walipohamia nchi nyingine waliichukua desturi hiyo pamoja na masanduku yao. Wakapanda majani katika Australia, katika California, katika Afrika ya Kusini, na katika mitaa yao ya miji ya Kongo vilevile. Lakini mvua ya Uingereza hawakuweza kuichukua sandukuni. Kwa hiyo ilibidi maji yatoke kwenye bomba. Ndiyo asili ya shida yote: desturi iliyozaliwa katika nchi ya manyunyu imehamishwa katika nchi ya jua, na bomba limeamriwa lifanye kazi ya mawingu.

*Mji uliokaribia kukauka*

Cape Town, uliokuwa na watu karibu milioni 4 wakati ule, ni mji ulio kando ya bahari, chini ya mlima ulio bapa kama meza. Mvua zake hunyesha wakati wa baridi, hasa Juni, Julai na Agosti. Wakati wa joto, Desemba mpaka Februari, anga ni kavu, jua ni kali, na upepo wa kusini-mashariki huvuma siku nyingi. Maana yake ni hii: majani ya bustani yataka maji mengi zaidi katika miezi ileile ambayo mbingu haitoi kitu. Kwa hiyo mji huishi kwa akiba. Maji ya mvua ya baridi hukusanywa katika mabwawa makubwa 6 milimani, nayo hunywewa mpaka mvua nyingine zirudi. Bwawa kubwa kuliko yote laitwa Theewaterskloof. Peke yake laweza kuchukua zaidi ya nusu ya akiba yote.

Basi, mwaka 2015 mvua zilikuwa haba. Mwaka 2016 zikawa haba tena. Mwaka 2017 hali ikawa mbaya zaidi. Mtu aweza kuvumilia njaa ya mwaka mmoja kwa ghala la mwaka uliopita. Lakini miaka 3 mfululizo humaliza ghala. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Theewaterskloof lilikuwa na maji chini ya 15 kwa kila 100 ya ujazo wake. Mahali palipokuwa na mawimbi palionekana mchanga, na vigogo vya miti ya kale vilivyozamishwa bwawa lilipojengwa. Wataalamu waliochunguza ukame huo walikata shauri kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kumeufanya ukame wa namna ile uweze kutokea karibu mara 3 kuliko zamani.

Wakubwa wa mji hawakungoja mpaka tone la mwisho. Waliweka amri kwa ngazi, kila ngazi kali kuliko ile iliyotangulia. Tangu Juni 2017 ikakatazwa kabisa kumwagilia bustani kwa maji ya kunywa ya mji, wala kwa mpira, wala kwa ndoo. Tarehe 1 Februari 2018 kila mtu akaamriwa asitumie zaidi ya lita 50 kwa siku, kwa kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo, yote pamoja. Hata aliyekuwa na kisima chake mwenyewe kilichochimbwa kwa mashine aliruhusiwa kumwagilia siku ya Jumanne na siku ya Jumamosi tu, muda usiozidi saa 1, kabla ya saa tatu ya asubuhi au baada ya saa kumi na mbili ya jioni. Maana maji ya chini ya ardhi nayo hayana ua. Mmoja akiyavuta, huyavuta pia yaliyo chini ya jirani.

Tena wakatangaza habari ya kutisha. Walisema kwamba akiba ya mabwawa ikishuka hata 13 na nusu kwa 100, mabomba ya nyumba nyingi yatafungwa, na watu watakwenda kupanga mstari mahali karibu 200, chini ya ulinzi, kila mmoja apewe lita 25 kwa siku. Siku hiyo waliiita Siku ya Sifuri. Mwezi wa Januari 2018 ilikisiwa kwamba itafika Aprili.

*Majani ya manjano yakawa heshima*

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Zamani uwanja wa kijani ulikuwa alama ya nyumba njema, na uwanja uliokauka ulikuwa aibu ya mvivu. Sasa mambo yakapinduka. Aliyekuwa na majani ya kijani wakati wa joto alitazamwa na wapita njia kwa shaka, wakauliza maji ameyapata wapi. Mwenye kisima alilazimika kutundika kibao mbele ya nyumba, watu wajue kwamba hamwagilii kwa maji ya mji. Majani ya manjano yakawa kama cheti cha kwamba mwenye nyumba yumo katika shauri la wote.

Watu wakaoga juu ya beseni, wakayachukua maji hayo ya sabuni kwa ndoo kuyamwaga chooni, au shinani mwa mti. Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa Cape Town walijifunza kuyazoa kabla hayajafika chini. Mji nao ukapunguza nguvu ya maji katika mabomba, ukaongeza bei kwa wale waliotumia mengi, na katika nyumba za waliopita kiasi ukaweka vyombo vya kuzuia, visivyotoa zaidi ya lita 350 kwa siku. Tena ukatoa ramani ambayo ndani yake nyumba zilizotumia maji kidogo ziliwekewa alama ya kijani, kila mtu aone. Wakulima wa bonde la jirani waliokuwa na akiba yao wakaufungulia mji lita milioni elfu 10 mwezi wa Februari.

Matokeo yake? Mwezi wa Februari 2015 mji ulitumia karibu lita milioni 1,200 kwa siku. Mwanzoni mwa mwaka 2018 ulitumia lita milioni 500 na kidogo tu. Zaidi ya nusu ilipunguzwa! Siku ya Sifuri ikasogezwa mbele, kutoka Aprili mpaka Mei, kutoka Mei mpaka Juni, halafu Julai. Mwezi wa Machi ikatangazwa kwamba mwaka ule haitafika. Kisha mvua za baridi zikanyesha vizuri, amri zikaanza kulegezwa tangu Oktoba 2018, na mwaka 2020 mabwawa yakajaa karibu kabisa.

Lakini tusifiche upande wa pili. Katika mitaa ya maskini, ambako watu wengi huchota maji kwenye bomba moja la barabarani, hapakuwa na uwanja wa majani wa kuacha kumwagilia. Mitaa hiyo ilitumia karibu lita 4 tu katika kila lita 100 za mji. Wao walikuwa wameishi kwa ndoo miaka mingi, wala hakuna aliyetangaza msiba. Ndiyo maana wengi wao waliuliza: Shida yetu ya kila siku yaitwa namna gani? Swali hilo ni la haki. Yafaa kila mwenye mpira wa maji alikumbuke.

*Hesabu ya bidoni*

Sasa ninyi wanafunzi, twaeni karatasi na kalamu. Mvua ya milimeta 1 ikianguka juu ya meta 1 ya mraba huwa lita 1 kamili. Hiyo ni hesabu rahisi, nanyi mwaweza kuipima wenyewe kwa sahani pana na chupa. Katika majira ya joto, uwanja wa majani hutaka kwa kawaida karibu milimeta 25 za maji kwa juma ili ukae kijani. Basi uwanja wa meta 10 kwa meta 10, yaani meta 100 za mraba, utataka lita 2,500 kila juma.

Lita 2,500 ni nini? Ni bidoni 125 za lita 20. Kila bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20. Mtoto wa kike anayeteka maji mtoni akileta bidoni 4 kwa siku, angehitaji zaidi ya siku 31, yaani mwezi mzima, kuleta maji ambayo uwanja mmoja huyanywa kwa juma moja. Tena kwa kipimo kile cha Cape Town, cha lita 50 kwa mtu, maji hayo yangetosha watu 50 siku nzima. Kama bomba latoa lita 15 kwa dakika, mpira ukiachwa wazi dakika 4 tu umekwisha kumwaga lita 60, zaidi ya fungu la mtu mmoja kwa siku. Hesabu haina hasira wala upendeleo. Yatuonyesha tu uzito wa jambo.

*Mfano wa wajirani wawili*

Mtu atajibu: Maji nayalipa, basi ni yangu. Tulipime neno hilo kwa mfano. Tuwaze mtaa mmoja wa mji, wakati wa kiangazi. Nyumba ya mzee mmoja iko bondeni, na nyumba ya mama mmoja mjane iko juu ya kilima. Bomba la mtaa ni moja. Usiku mzee amwagilia majani yake. Yule mama ashuka kwake.

– Hodi, baba.

– Karibu, mama. Habari za usiku?

– Si mbaya, baba. Nimekuja kwa neno moja, nakuomba usikasirike. Ni juu ya mpira huo.

– Mpira? Maji haya nayalipa kila mwezi, mama. Sikuyaiba.

– Kweli, baba, hukuyaiba, wala hakuna aliyesema hivyo. Lakini bomba letu ni moja. Ukifungua huku chini, kule juu kwetu latoa hewa tu. Binti yangu huamka saa kumi ya usiku kungojea ndoo moja. Jana alifika shuleni wenzake wakitoka mapumzikoni. Mwalimu akamrudisha.

Mzee akanyamaza. Akautazama mpira, akautazama uwanja, akaenda kufunga.

– Sikujua habari hiyo, mama. Mimi nilimwagilia usiku ili nisimsumbue mtu. Lakini majani yangu yatakufa.

– Yatalala tu, baba. Ukoka haufi upesi hivyo. Mvua ikirudi utauona tena.

Mfano huu twaweza kuukuta mahali pengi. Aliye chini hupata maji kwanza, kwa sababu maji hayapendi kupanda; na wengi wafunguapo chini, nguvu ya maji hupungua, walio juu wakakosa. Mzee hakuwa mtu mbaya. Alilipa bei ya maji, lakini bei hulipia mashine, dawa, mabomba na kazi ya watu. Hailipii mvua, wala haiongezi tone moja katika mto. Katika siku za neema, mwenye fedha anunua maji yake, na jirani anunua yake. Katika siku za ukame, kila tone la ziada kwangu limetoka katika ndoo ya mwingine. Kitu kimoja tu kilikosekana katika mtaa ule: hakuna aliyekuwa amemwambia.

*Je, majani yaliyokauka yamekufa?*

Yule mama alisema kweli. Watu wengi humwagilia kwa hofu, kwa kuwa hawajui tabia ya majani. Majani mengi ya nyanja zetu ni hodari kuliko tudhanivyo. Ukoka una vikonyo vinavyotambaa juu ya udongo, na mashina mengine yaliyofichika chini yake. Ukame ukizidi, huacha majani yake ya juu yakauke, na uhai hujificha chini. Hapo umelala, haukufa. Mvua mbili tatu za kwanza zatosha kuuamsha.

Hali ni hiyohiyo kwa majani yaitwayo kikuyu, yaliyoenea sana katika bustani za Cape Town. Na hapa kuna jambo la kutufurahisha: majani hayo ni wenyeji wa Afrika yetu. Asili yake ni milima ya Afrika ya Mashariki, nchi ya Kenya na jirani zake, nayo yameitwa kwa jina la kabila la Wakikuyu. Yalipelekwa Afrika ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Mizizi yake yaweza kushuka ndani sana, na baada ya ukame wa miaka ile, nyanja nyingi zilizodhaniwa zimekufa zilirudia kijani mvua ziliponyesha.

Basi, mwenye kutaka uwanja wake upite kiangazi salama bila kumnyima jirani, na ashike mashauri haya.

Kwanza, aufunze uwanja wake mapema, mvua zingaliko. Anayemwagilia kidogo kila siku hulowesha ngozi ya udongo tu. Mizizi hubaki juu, ikingojea kulishwa kama mtoto aliyedekezwa. Anayemwagilia mara chache, lakini kwa kushibisha, huilazimisha mizizi ishuke kuyafuata maji. Uwanja huo utastahimili.

Pili, asikate majani mafupi mno. Kila akatapo asiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Majani marefu kidogo huutia udongo kivuli, na udongo wenye kivuli haukauki upesi. Vipande vilivyokatwa aviache palepale. Vitakuwa blanketi, na baadaye mbolea.

Tatu, asitie mbolea ya dukani wakati wa ukame. Mbolea huyaambia majani, Oteni! na majani yakiota yaomba maji. Ni kama kumwita mgeni wakati ghala ni tupu.

Nne, pale ambapo amri ya mji yaruhusu kumwagilia, amwagilie alfajiri. Adhuhuri jua na upepo hunyang'anya sehemu kubwa ya maji kabla hayajafika mizizini. Tena asimwagilie kwa tarehe, bali kwa haja. Akanyage majani, kisha atazame nyuma: yakiinuka upesi, hayana kiu, nyayo zikibaki zimelala, hapo yana kiu.

Tano, maji ya kuogea na ya kusuuzia nguo yaweza kunywesha majani na miti. Lakini kuna masharti. Yatumiwe siku ileile, maana yakilala ndani ya pipa hunuka na kuleta magonjwa. Yasiwe na dawa kali ya kuondolea madoa, wala mafuta mengi ya jikoni. Yasimwagwe mahali pamoja kila siku, kwa sababu chumvi ya sabuni huujaa udongo na kuuharibu. Yasimwagwe karibu na kisima. Wala yasimwagwe juu ya mboga zinazoliwa mbichi.

Sita, na hili ndilo kubwa, ajue nani anywe kwanza. Watu wanywe kwanza. Kisha mifugo. Kisha mboga za kulisha nyumba, lengalenga, kunde na nyanya. Kisha miti, maana mwembe uliokufa hurudi kwa miaka mingi, na kivuli chake vilevile. Majani ya uwanja ndiyo ya mwisho, kwa sababu hayo yaweza kulala na kuamka, au kupandwa tena kwa mvua moja.

*Mambo ya nchi za mbali*

Tusidhani kwamba shida hii ni ya Afrika peke yake. Mwaka 1976 hata Uingereza, mama wa nyanja za majani, ilipatwa na ukame mkali. Mipira ya bustani ikakatazwa katika sehemu nyingi, na mahali pengine watu wakachota maji kwenye mabomba ya njiani. Mwezi wa Agosti serikali ikamweka waziri wa shughuli za ukame, Denis Howell. Siku chache baadaye mvua kubwa zikaanza kunyesha, watu wakacheka sana.

Katika California, Marekani, tarehe 1 Aprili 2015, gavana Jerry Brown alipanda mlimani mahali ambapo kila mwaka siku kama hiyo pana theluji nyingi, maana theluji ile ndiyo ghala ya maji ya nchi. Akasimama juu ya majani makavu, theluji haikuwako. Papo hapo akaamuru miji ipunguze maji kwa 25 katika kila 100, na viwanja vya majani vya meta za mraba milioni 4 na nusu viondolewe na kupandwa mimea inayovumilia jua. Wako waliotii. Wako pia waliokodi watu wapake majani yao makavu rangi ya kijani, kama mtu apakavyo ukuta! Twaweza kuwacheka, lakini je, sisi hatuna rangi zetu? Ni mara ngapi twajitahidi kuonekana na neema mbele ya wageni, huku nyuma ya nyumba ndoo ni tupu?

*Na sisi je?*

Mtu wa Kongo atasema: Sisi tuna mto unaomimina baharini karibu lita milioni 41 kila sekunde. Ukame wa Cape Town watuhusu nini? Jibu ni kwamba maji ya mtoni si maji ya nyumbani. Kati ya mto na mtungi kuna mashine, dawa, mabomba na mafundi. Na pasipo na vitu hivyo, pana uhaba. Huko Lubumbashi mvua hukoma karibu na Aprili au Mei, nazo hazirudi kwa kawaida mpaka Oktoba. Katika miezi ya mwisho visima vya mitaani vyashuka, kamba zarefushwa, na mstari wa bidoni waanza kabla ya jogoo. Ukame wetu si wa mabwawa tu; ni wa bomba na wa kisima. Lakini mtoto angojeaye ndoo usiku haoni tofauti.

Kwa hiyo, ewe mwenye uwanja wa majani, hatukuambii uung'oe. Twakuambia uuache ulale wakati wa kulala. Weka pipa chini ya bati lako upate akiba mvua ziponyeshapo, maana akiba haiozi. Ziba bomba linalovuja. Tone baada ya tone hujaza ndoo. Nawe mkuu wa shule au wa ofisi, usiwatume watoto kumwagilia majani ya mbele ya jengo kwa kuwa mgeni mkubwa atakuja, hali mama zao wako kisimani tangu alfajiri. Mgeni mwenye busara ataona majani ya manjano, naye atafahamu kwamba hapa wakaa watu wanaojua hesabu.

Ninyi wanafunzi, fanyeni kazi hii juma hili: pimeni uwanja wa nyumba yenu au wa shule kwa hatua za meta, mhesabu lita zake na bidoni zake, mkawasomee wazazi jioni. Kisha mwulizeni mama swali moja tu: jirani wetu wa juu, maji huyapata saa ngapi?

Mvua zitarudi, na majani yataamka. Siku hiyo, asiyekuwa na maji wakati wa kiangazi atapita mbele ya nyumba yako, atautazama uwanja wako wa kijani, naye atakusalimu kwa moyo mweupe.